Mbolea ni ya Ruzuku, Udongo Unaenda Malindi

Kila msimu ni sinema ile ile. Lori za mbolea zinapigiwa makofi, mheshimiwa anakata utepe, na sisi huku mtandaoni tunaanza kubishana. Gunia ni 2,500 ama imepanda? Imefika depo ama bado? Ni mbolea kweli ama ni feki kama ile kashfa ya 2024? Sawa, ni maswali ya maana. Lakini hakuna mtu anauliza hiyo mbolea inamwagwa juu ya nini.

Enda Malindi wakati wa mvua ndefu uangalie bahari. Maji ni kahawia. Hiyo rangi ni mashamba, wasee. Mto Athi unatoka huku juu, unapita Ukambani, ukikutana na Tsavo unaitwa Galana, unaingia baharini ukiitwa Sabaki. Njia yote umebeba udongo wetu.

Na haubebi udongo wowote tu. Tone la mvua likipiga ardhi iliyo uchi, linavunja udongo wa juu, vitundu vinaziba, maji yanakosa pa kuingia na yanateremka. Yanaanza na vitu vyepesi: mboji na zile chembe laini zinazoshika chakula cha mmea. Unabaki na changarawe na udongo mgumu wa chini, usioweka maji. Jua likiwaka wiki moja mahindi yanajikunja, halafu tunalia ukame. Jirani aliyezuia udongo wake, kwa mvua ile ile, anavuna. Ukiongeza mbolea hapo kwenye changarawe, mvua inayofuata inaibeba pia. Yaani umenunulia bahari mbolea.

Sentimita moja ya udongo huchukua mamia ya miaka kujitengeneza. Mvua kubwa chache zinaimaliza.

Kuna wale watasema ati watu wamekuwa wengi na mashamba ni madogo, hakuna kitu tunaweza fanya. Zii. Miaka ya 1930 wakoloni walishaona Machakos imekwisha. Lakini kitabu cha 1994 cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kinaonyesha kwamba hadi 1990 watu huko walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na mazao kwa kila kilomita ya mraba takriban mara kumi. Kazi kubwa ya kuokoa udongo ilifanywa na vikundi vya mwethya, wengi wao akina mama na jembe zao, wakichimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu. Fanya juu. Wataalamu wa nje wanaiandika hivyo hivyo, kwa Kiswahili, ndani ya vitabu vyao vya Kiingereza. Sisi wenye lugha hatuijui.

Mwingine atasema matuta ni mambo ya mkoloni. Ndio, alilazimisha watu, na 1948 akina mama wa Murang'a walikataa. Walikuwa na haki. Lakini baada ya uhuru Ukambani walichimba matuta bila kiboko cha mtu, kwa sababu waliona mavuno.

Kwa hivyo serikali, kila lori la mbolea lije na afisa wa kilimo wa kupima mteremko na kuonyesha mtaro upite wapi. Mkandarasi wa barabara aache kuelekeza maji kwa shamba la mtu. Makorongo mengi yanaanzia hapo. Na wewe mwenye robo ekari, acha kuchoma mabua, yaache yafunike udongo. Panda nepia juu ya tuta: mizizi inashika udongo, ng'ombe anakula majani.

Mheshimiwa akikuja tena na utepe wake, usimuulize bei ya gunia peke yake. Muulize, kamera zikiwa on, ni kilomita ngapi za matuta zimechimbwa kwa wadi yake tangu achaguliwe. Halafu mpost jibu. Akinyamaza, post hiyo kimya.