Kulipa Ada Si Kulea

Machi 2023 Serikali ya Tanzania ilisitisha huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Baadhi ya wazazi walilalamika: nani atabaki na watoto ilhali sisi tuko kazini?

Kwa mtazamo wangu, malalamiko hayo yalifichua kosa linaloenea, hasa miongoni mwa wasomi na wenye mishahara: kudhani kwamba kulipa ada ndiko kulea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikuishia kwenye chakula, mavazi na elimu. Inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake, na inamtaka mzazi amlinde na kumwongoza. Mtoto wa miaka sita anayedhulumiwa hana maneno ya kulieleza jambo hilo. Anahitaji mtu anayemjua kiasi cha kuliona usoni pake. Matroni mwenye bweni zima hawezi, na simu aliyopewa mtoto ili atulie haiwezi.

Sisemi kila aliyepeleka mtoto bweni ni mzembe. Wapo wanaolea peke yao, wapo wa kazi za zamu. Kwao, waajiri na Serikali wanadaiwa ratiba za kazi zenye utu na vituo vya malezi vya kuaminika. Lakini baba anayefika nyumbani kila siku watoto wamelala, kwa hiari yake, asijifiche nyuma ya methali ya asiyefunzwa na mamaye. Ulimwengu unaomfunza mtoto haumuulizi ni mzazi yupi aliyekosekana.