Tuta la Mchicha ni Hazina

Kambi ya wakimbizi ya Mtendeli mkoani Kigoma, iliyofunguliwa tena mwaka 2016 kuwasitiri ndugu zetu wa Burundi na kufungwa mwaka 2021, ilikuwa, kwa wingi wa watu wake, mji kamili pasipo jina la mji; na katika maskani kama hayo, ambamo posho aghalabu ni unga wa mahindi, maharage, mafuta na chumvi, tuta la mchicha au lengalenga kando ya nyumba ni dawa iliyo karibu. Majani hayo, yakipikwa kwa mafuta kidogo, humpa mtoto vitamini A, iliyo nuru ya macho. Na yakitiwa ndimu, mwili hupokea vyema zaidi madini ya chuma yajengayo damu. Jembe nalo huunyoosha mwili, na mazungumzo ya majirani bustanini huituliza nafsi iliyofadhaika.

Kwa hiyo twawasihi wakuu wa wilaya za Kasulu na Kibondo mkoani humo, na halmashauri za miji yote, wautengee mapema ustawi huu nafasi katika ramani zao: ardhi, maji na mbegu karibu na makazi. Kinga, walisema wahenga, ni bora kuliko tiba.