Usambara: plamsi ni za kula, iliki ndiyo ya kuuza

Wadau, wengi wakishuka Lushoto wanajaza ndoo za plamsi na mapeasi pale Soni. Za kula nyumbani sawa, tamu kweli. Ila za kuuza, na mtaji wenyewe ndo huu wetu? Sikushauri. Plamsi haimsubiri mteja, joto la Dar siku mbili tatu tu imelainika.

Mimi naona pesa iko Usambara ya Mashariki, Amani kule juu ya Muheza: iliki, pilipili manga, mdalasini. Zikikaushwa vizuri zinakaa miezi dukani. Iliki pasua moja kwanza, mbegu ziwe nyeusi na harufu ikupande puani. Ganda lililoachia usichukue. Pilipili manga tia chache kwenye maji, zinazoelea nyingi ni tupu. Muuzaji akinuna, hamia kwa jirani yake.