Ufunguo wa Mswada Wako U kwa Nani?

Kumezuka baina ya vijana wetu wapendao kutunga hadithi maradhi ambayo wazee wao hawakuyajua. Kijana akitaka kuandika riwaya, jambo la kwanza aulizalo si "Nitasimulia nini?" bali ni "Nitaandikia programu gani?" Na wa kumjibu wapo tele. Humwambia kwamba bila ya programu maalumu ya kupangia riwaya hafiki popote, na kwamba mabingwa wote wa Ulaya na Marekani ndivyo waandikavyo. Basi mzazi huombwa fedha, naye kwa kutojua na kwa kumpenda mwanawe, hutoa.

Maneno hayo si kweli, na twataka kuyapinga kwa hoja, si kwa kelele.

Watazameni kwanza walioandika. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, beti zaidi ya elfu moja, kwa herufi za Kiarabu. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alitutolea Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, nayo ni hadithi ya upelelezi, ambayo yahitaji mpango kuliko hadithi nyingine yoyote, maana kila dalili sharti iwekwe mahali pake kabla ya siri kufichuliwa. Ni programu gani iliyompangia?

Watasema: "Hao ni wa zamani." Haya, twende kwa hao mabingwa wa ng'ambo. Len Deighton, Mwingereza, aliandika riwaya yake Bomber, iliyotoka mwaka 1970, kwa mashine ya IBM iliyokuwa nzito hata dirisha la nyumba yake London likaondolewa ili iingizwe kwa kreni. Huyo alitumia chombo kipya kabisa cha zama zake. Na George R. R. Martin wa Marekani, ambaye vitabu vyake vinene vimeenea dunia nzima, alisema katika televisheni mwaka 2014 kwamba huandikia WordStar 4.0, programu ya mwaka 1987, katika kompyuta isiyounganishwa na intaneti. Mmoja kipya, mmoja kikuukuu, na wote wawili vitabu vimetoka. Iko wapi basi hiyo "lazima" mnayowauzia watoto wetu?

Walakini insafu ni wajibu. Vyombo hivi vina faida, na anayeikana faida hiyo hajavifungua. Scrivener, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007, humpa mwandishi orodha ya sura na vipande vyake upande mmoja, na ubao wenye kadi ndogo ndogo, ili kipande cha sura ya tisa ukitaka kukipeleka sura ya pili ukiburure tu. Mwenye mswada wa kurasa mia nne ajua uzito wa jambo hilo. Tena hulipiwa mara moja, na hujaribiwa bure kwa siku 30 za matumizi, siku usiyoifungua haihesabiwi. Hayo ni mazuri. Lakini yafanya kazi katika Windows, Mac, iPhone na iPad. Ya simu za Android hawakutengeneza. Na vijana wetu, kutoka Lamu mpaka Kilwa, wengi wao wameshika simu gani mkononi? Amshaurie mtu tandiko la farasi ilhali ajua kuwa wewe una punda! Ama asiyekuwa na fedha na kompyuta anayo, iko yWriter, aliyoitengeneza Simon Haynes wa Australia, naye mwenyewe ni mtunzi wa riwaya. Hugawa hadithi kwa sura na vitukio, na haina bei.

Sasa tufike penye khatari yenyewe, ambayo wauzaji hawaitaji. Mwaka 2017 wenye programu ya Ulysses waliacha kuiuza kwa malipo ya mara moja, wakaanza kutoza ada ya mwezi au ya mwaka. Sisemi wameiba, kila mtu na biashara yake. Nasema utafakari maana yake. Ukinunua daftari, daftari ni lako hata ufilisike. Ukilipa kwa mwezi, wewe ni mpangaji, na mpangaji mwenye akili kabla ya kuingiza vyombo huuliza: siku nikihama, vyombo vyangu vitatoka mlangoni? Ziko programu ambazo maandishi yako huhifadhiwa kwa umbo lisilosomeka ila nazo wenyewe. Siku kampuni ikifunga duka, au simu yako isipokubali toleo jipya, mswada wako u hai lakini umezikwa.

Kwa hiyo jaribio ni jepesi, na lifanywe siku ya kwanza, si ya mwisho. Andika kurasa mbili. Zima intaneti uone kama bado zafunguka. Kisha zitoe nje kwa umbo la maandishi matupu, au kwa umbo la ODF ambalo LibreOffice hulitumia na ambalo lilikubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa mwaka 2006, uzifungue katika kompyuta ya mtu mwingine. Zikifunguka sawasawa, kaa hapo. Zisipofunguka, ondoka, hata kama imepambwa kama bibi arusi.

Binti mmoja wa mtaani petu aliandika sura kumi na moja katika programu ya simu. Simu ikaibiwa sokoni. Nywila haikumbuki, nakala hana. Baba yake alimwambia atanunuliwa simu nyingine, akadhani amemaliza kumpoza.

Na liko lingine: hizo fomu za kumpanga mhusika. Rangi ya macho yake, chakula akipendacho, jina la paka wake, maswali mia. Kijana huyajaza miezi mitatu na kwa yakini moyoni mwake anaandika riwaya, kumbe ajaza fomu kama ya pasipoti! Mhusika hujulikana anapodaiwa deni na hana, au anapomkuta mkewe wa zamani barazani kwa watu. Mpango mzuri ni karatasi moja isemayo nani ataka nini, nani amzuia, na mwisho huwaje. Atakayezidisha hapo, na azidishe baada ya kuandika sura tatu.

Tena programu nyingi hazijui Kiswahili. Huandika "alimwendea", ikakutilia mstari mwekundu. Ukiiachia ijisahihishe, neno lako hugeuzwa la Kiingereza. Nimesoma miswada ya vijana ambamo "hata" imekuwa "hat" mara kumi katika ukurasa. Kuzima usahihishaji huo ni kazi ya dakika moja, na wengi hawaifanyi. Wapo waliojitahidi: mwaka 2004 ilitolewa OpenOffice ya Kiswahili, iliyopewa jina la Jambo, kwa kazi ya watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wangapi kati yetu tuliitumia? Twalia kwamba lugha yetu haithaminiwi, na kilichotengenezwa kwa lugha yetu hatukigusi.

Ama programu ziandikazo zenyewe, ambazo zimeenea tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, hizo si chombo cha kuandikia bali ni mwandishi wa kukodi. Kuiuliza maana ya neno si kitu. Kuiachia itunge sura, kisha ukatia jina lako juu, ni uwongo, nasi twajua unavyofichuka. Chuoni mtoto aliyeandikiwa ubao na mwenzake hutulia kimya mpaka mwalimu amwambie, "Haya, soma."

Kwa hiyo wazazi, mkiombwa fedha ya programu, ombeni kwanza mwonyeshwe sura tatu zilizokwisha, hata kama ni za daftari la shule. Zikiwapo, toeni kwa moyo mkunjufu, na juu yake nunueni flashi mbili za kuwekea nakala, moja ikae nyumbani na ya pili kwa bibi yake.