Bahari Haijisafishi, Jamani: Tuwekeeni Ubao Coco Beach

Najua nimekuwa kimya tangu UE zianze, na wengine mmeshauliza kama nimedisko. Sijadisko, nipo. Ila leo siandiki habari za boom wala foleni ya kafeteria. Leo nina hasira na nataka tuongee kuhusu kinyesi. Ndiyo, kinyesi. Anayekula chipsi amalize kwanza.

Hivi ni nani aliyetuambia kwamba bahari inajisafisha yenyewe? Kila nikigusia jambo hili hapa hosteli napewa jibu lile lile: "Bahari kubwa ile bwana, itachafuliwa na nini?" Hata wanaosoma sayansi wanasema hivyo! Haya, tuangalie Dar yetu. Katikati ya mji kuna mabomba ya majitaka, na bomba lake kubwa linaishia baharini upande wa Ocean Road. Sisi wengine wote, yaani sehemu kubwa ya jiji, tunatumia vyoo vya shimo na machemba. Yakijaa, mwenye hela anaita gari la kunyonya. Asiye na hela anasubiri masika, mvua ikishuka anatapisha choo, mzigo unaingia mtoni. Mto Msimbazi unabeba yote hayo mpaka Salenda, halafu baharini. Coco Beach iko kaskazini kidogo tu ya hapo, na mkondo mkubwa wa pwani yetu unakwenda kaskazini. Sasa hesabu mwenyewe, mimi si mwalimu wa jiografia.

Na Coco ndiyo ufukwe wa mlalahoi. Mwenye hela anaogelea kwenye bwawa la hoteli. Sisi tunakwenda Coco, Idi tunakwenda Coco, Krismasi tunakwenda Coco, mihogo tunakula pale pale na mikono yetu yenye maji ya bahari. Kwa hiyo maji yale yakiwa machafu, anayeumwa anajulikana.

Nilipokuwa BTP mwaka jana, nikifundisha baiolojia kidato cha pili (shule siitaji), tulikuwa kwenye mada ya magonjwa ya kuambukiza. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, pale tunapoogelea Jumapili, ni salama?" Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa wiki nane zile. Jibu lake linatakiwa liwe namba. Lipo wapi? Nimeshakwenda Coco mara nyingi, sijawahi kuona ubao hata mmoja unaosema maji ya wiki hii yamepimwa yakakutwa hivi. Kuna mabango ya soda, kuna mabango ya simu.

Msiniambie kipimo ni kigumu. Unachukua mililita 100 za maji ya bahari, unazipitisha kwenye kichujio chenye matundu madogo sana yanayonasa bakteria, unakiweka kichujio juu ya agar kwenye sahani, unaatamiza kwenye nyuzi 41 kwa saa 24. Kesho yake unahesabu madoa. Unachotafuta ni enterokoki, bakteria wa matumboni mwa watu na wanyama. Wenyewe si ndio ugonjwa hasa. Wanakuambia kinyesi kimepita hapa, na palipopita kinyesi kunaweza kuwa na homa ya matumbo, homa ya ini aina ya A, na vingine. Kwa nini si E. coli tuliyoizoea kwenye desa? Kwa sababu enterokoki huvumilia maji ya chumvi vizuri zaidi.

Wale wa "mbona maji yanaonekana masafi" nawaomba mnisikilize hapa. Uingereza mwaka 1959 kamati ya wataalamu wakubwa ilitoa ripoti kwamba kuogelea kwenye bahari yenye majitaka hakuna hatari ya maana, labda maji yawe yanachukiza hata kwa macho. Watu wakapumzika. Baadaye, kati ya 1989 na 1992, watafiti wakachukua watu wazima zaidi ya elfu moja waliojitolea, kwenye fukwe nne zilizokuwa zimefaulu viwango vya wakati ule. Kwa kura, wengine wakaingia majini na kuzamisha kichwa, wengine wakabaki mchangani. Matokeo yalichapishwa 1994 kwenye jarida la Lancet: kuumwa tumbo kulianza kupanda bakteria wa jamii hii walipozidi kama 32 tu kwa mililita 100. Macho hayawezi kuona bakteria 32!

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2003 lilitegemea sana utafiti huo. Likasema vipimo vikiwa vinafika zaidi ya 500, uwezekano wa kuumwa tumbo kwa kuogelea mara moja tu unazidi mmoja kwa kumi. Na hao ni Wazungu wazima wenye afya. Mtoto wa Tandale anayemeza maji akicheka hakuwemo kwenye hesabu.

Kuna anayesema jua na chumvi vinaua wadudu. Kweli, jua linaua, sibishi. Lakini usiku hakuna jua, na maji ya tope baada ya mvua hayapitishi mwanga. Ndiyo maana wenzetu wa Los Angeles, mvua ikinyesha, wanatangaziwa wakae nje ya maji kwa siku tatu, hata kabla ya majibu ya maabara. Tangazo hilo kwetu lingegharimu nini? Redio tunazo hadi zinatuchosha.

Kuna na wale wa "tutafukuza watalii". Hawa ndio wananichosha kabisa. Ulaya, kwa sheria yao ya 2006, ufukwe unapewa daraja kuanzia safi sana mpaka duni, na daraja linabandikwa pale pale ufukweni. Watalii hawajaisha. England mwaka 2023 vifaa vilivyofungwa kwenye mabomba vilionyesha majitaka yasiyosafishwa yalimwagwa kwa zaidi ya saa milioni 3.6. Aibu kubwa, ila wananchi waliwakalia kooni wenye makampuni kwa sababu namba walikuwa nayo mkononi. Sisi tutamkalia nani kooni na kwa namba gani?

Na wataalamu tunao. Chuo chetu hiki kina Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Zanzibar tangu 1978. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti kuhusu majitaka ya Mji Mkongwe, ukionyesha bakteria wengi karibu na mji. Uko kwenye jarida la Kiingereza. Vijana wanaojirusha majini pale Forodhani kila jioni wameusoma wangapi? Kupima halafu ukafungia majibu kabatini, kwangu mimi hujapima.

Ninachotaka ni kidogo tu. Ubao mmoja Coco, mmoja Kunduchi, mmoja Kigamboni, mmoja Forodhani. Tarehe ya kupima, namba iliyopatikana, na neno moja la Kiswahili: ogelea, au usiogelee. Kila Ijumaa, kabla watu hawajaja wikiendi. Wa Mazingira na wa Baiolojia mliopo Mlimani, mwenye profesa wa kuusimamia mpango huu aniambie. Kubeba chupa za sampuli mpaka maabara kwa daladala nitabeba mimi.