Ghala Ndani ya Ghala: Kuhusu Istilahi za Kusimamia Programu za Kompyuta

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umetumia muda mwingi mno juu ya jina la mashine yenyewe. Wako waliopendekeza ngamizi, wako walioshikilia tarakilishi, na umma wa Tanzania ukaendelea kusema kompyuta bila kumngoja yeyote. Wakati majina ya vitu yakigombaniwa, majina ya vitendo yaliachwa yajitafutie njia. Ni kweli kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice na kuthibitisha kuwa menyu za programu ya ofisini zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili fasaha. Lakini menyu ni eneo jepesi. Mahali ambapo mtumiaji haoneshwi chochote cha kuchagua, bali huandika amri mstari baada ya mstari, hapajaguswa.

Mfano ulio bora ni Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza historia ya matini za programu. Kila badiliko linalowekwa humo hupewa utambulisho wake, ambao kwa kawaida ni mfuatano wa herufi na tarakimu 40, na aliyeliweka huweza kulirudia wakati wowote. Vijana wanaosomea fani hii Arusha, iwe katika Chuo cha Ufundi kilichofunguliwa mwaka 1978 au katika Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru, hawawezi kuikwepa.

Katika mazungumzo yao husikika tungo kama "nimekomiti lakini sijapushi". Watetezi wa usanifu hukunja uso. Hata hivyo, kwa mtazamo wa mofolojia hakuna uharibifu wowote hapo. Vitenzi hivi vimeingia moja kwa moja katika kundi la -jibu, -rudi na -samehe, yaani vitenzi vyenye asili ya Kiarabu visivyoishia na irabu -a na visivyobadili irabu hiyo katika ukanushi wala katika dhamira tegemezi: sikomiti, nikomiti. Vinapokea viambishi vya unyambulishaji bila taabu: imekomitiwa, wamekomitiana. Lugha imefanya kazi yake. Tatizo la kweli haliko katika umbo la maneno haya, liko katika picha ambayo maneno mengine, hata yale ya Kiswahili safi, huijenga akilini mwa mjifunzaji.

Mradi mkubwa wa programu aghalabu hauwi ghala moja. Huwa na maghala kadhaa, na baadhi yake huonekana kukaa ndani ya mengine. Chukuliwe mradi wa kupima maji ya mito inayoteremka Meru: ghala moja la ramani, la pili la vipimo, la tatu la kuchora majedwali, na ghala la nje linaloyaunganisha yote. Mwanafunzi akiambiwa kwamba hili ni "ghala ndani ya ghala", ataamini, na ana haki ya kuamini, kwamba lililo nje limebeba vilivyomo katika lililo ndani, kama chumba kinavyobeba sanduku.

Sivyo ilivyo. Ghala la nje halina matini hata moja ya ghala la ndani. Lina mambo mawili tu: anwani ya mahali lilipo ghala hilo, na utambulisho wa badiliko moja mahususi ndani yake. Ndiyo sababu anayenakili mradi huo kwa mara ya kwanza hukuta folda tupu mpaka aandike amri ya "git submodule update --init --recursive". Ndiyo sababu pia anayetuma ghala la nje kabla ya la ndani huwapa wenzake anwani ya kitu ambacho hakijafika sokoni.

Kuna hasara iliyo kubwa zaidi. Amri hiyo, kwa utaratibu wake wa kawaida, humweka mtumiaji juu ya badiliko lililotajwa bila kumweka katika tawi lolote. Akifanya kazi hapo, akakomiti, kisha akairudia amri ileile, programu humrudisha kwenye badiliko la zamani. Kazi yake haijafutwa, lakini hakuna jina linaloielekeza. Ajuaye huitafuta katika kumbukumbu za ndani, ambazo kwa mpangilio wa kawaida huihifadhi kwa siku 30. Asiyejua huianza upya.

Istilahi zinazopendekezwa hazisaidii. "Hifadhi" ina kasoro mbili: kuhifadhi tayari ni kutunza faili, kitendo tofauti kabisa na kukomiti, na kwa mkazi wa Arusha hifadhi ni mahali penye twiga na nyati chini ya Mlima Meru. "Ghala mama" na "ghala mwana", kwa kufuata kampuni mama, zinapendeza masikioni, lakini ujauzito ni picha ileile ya kubeba. Ieleweke kuwa hata Kiingereza kimekosea hapa, kwa kuwa neno lake husema sehemu ndogo ya kitu kikubwa. Kutafsiri neno hilo kiambishi kwa kiambishi ni kurithi kosa la jirani.

Picha iliyo sahihi zaidi iko karibu sana na vyuo vilivyotajwa. Wameru na Waarusha wamemwagilia mashamba ya miteremko ile kwa mifereji tangu kabla ya ukoloni. Mfereji hutoka kwenye banio mtoni, hugawanyika, na kila mgawanyiko una watu wake na zamu zake. Mfereji mkuu haumiliki maji yaliyokwisha kupita kwenye mgawanyiko. Unachokuwa nacho ni mahali pa kutokea na makubaliano kuhusu zamu. Ulinganisho huu una mipaka, kwani maji hushuka upande mmoja tu na neno tawi tayari limekwisha kutwaliwa kwa maana nyingine katika Git. Lakini unafundisha uhusiano wa makubaliano badala ya uhusiano wa kubeba, na hilo ndilo linalotakiwa. Kwa msingi huo, "ghala elekezwa" ni istilahi bora kuliko zote zilizotajwa: halisemwi kuwa liko wapi, husemwa kuwa kuna kinacholielekeza.

Itadaiwa kwamba wataalamu wote wa fani hii wanajua Kiingereza. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama Wabulgaria na Wakatalani wangeridhika nayo. Tangu mwaka 2012 Git imeweza kutoa ujumbe wake kwa lugha mbalimbali, na lugha za watu hao zimo, Kiswahili hakimo. Amri zenyewe zibaki zilivyo, kwa sababu mtumiaji huziandika kama majina na kuzitafsiri kungevunja kila mwongozo uliopo. Kinachopaswa kutafsiriwa ni jibu la mashine.

Pa kuanzia panajulikana. Git inaweza kuagizwa ikatae kutuma ghala la nje iwapo badiliko linaloelekezwa halijatumwa bado. Inapokataa, hueleza sababu kwa sentensi chache. Kwa Kiswahili zingetosha hizi: "Ghala elekezwa lina mabadiliko ambayo hayajatumwa. Yatume kwanza, kisha utume ghala hili."