Tunoe Nyuso Zote

Nataka kusema juu ya jambo linaloonekana dogo, yaani kunoa picha. Neno hili msilishangae. Kama vile kisu butu hunolewa kikakata, picha yenye ukungu nayo hunolewa katika kompyuta ikaonekana wazi.

Mwaka jana nilipewa kazi ya kutengeneza picha ya darasa letu kwa ajili ya gazeti hili. Ilipigwa wakati wa kiangazi, tumesimama safu tatu, Ziwa Tanganyika likiwa nyuma yetu, na vumbi la hewani limeificha milima ya Kongo. Nilitumia programu ya GIMP, ambayo hutolewa bure. Programu hutafuta mahali weusi na weupe unapokutana, kama vile ukingo wa jicho, ikazidisha weusi upande mmoja na weupe upande wa pili. Basi mtazamaji huona picha imekuwa kali. Lakini ukinoa picha nzima, mbingu na maji hujaa chembechembe kama mchanga. Kwa hiyo hunolewa sehemu tu: unaweka nakala iliyonolewa juu ya picha ya asili, unaificha yote, kisha kwa brashi unaifunua pale unapotaka.

Hapo ndipo nilipokosa. Nilifunua nyuso za walimu, za viranja, za wachezaji wa mpira na, sifichi, uso wangu mwenyewe. Safu ya nyuma nikaiacha, maana nilikuwa nimechoka. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Nami nilikuwa na kisu, nikawagawia rafiki zangu.

Gazeti lilipotoka, mama mmoja wa Buyenzi alinijia nalo mkononi. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu wangu mbona mmemfunika ukungu?" Mwanawe alikuwa amekwisha kwenda Kigoma kutafuta kazi, na hiyo ndiyo picha pekee aliyo nayo ya kijana wake akiwa amevaa sare ya shule. Sikuwa na jibu.

Wengine watasema, basi picha isiguswe kabisa. Sikubaliani nao. Zamani, kabla ya kompyuta, mafundi wa picha walinoa katika chumba cha giza kwa kubandika nakala yenye ukungu pamoja na filamu ya asili. Simu zetu za leo nazo hunoa picha zenyewe kabla hatujaiona. Kugusa si kosa. Makosa ni mawili: kupendelea na kubuni.

Kupendelea nimekwisha kukueleza. Ama kubuni, jueni ya kwamba kunoa hakuwezi kuleta kitu ambacho kamera haikukiona. Siku hizi ziko programu zinazojaza pengo kwa kukisia. Mwezi wa Juni 2020, programu iitwayo PULSE, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ilipewa picha ndogo yenye ukungu ya Barack Obama, ikatoa uso wa mzungu! Uso ulikuwa safi sana, ila haukuwa wake. Afadhali ukungu wa kweli kuliko uwazi wa uongo.

Kwa bahati nilikuwa nimeihifadhi picha ya asili. Nikairudia, nikanoa safu zote tatu kwa kipimo kimoja. Yule kijana hakuwa wazi kama wa mbele, kwa sababu alisimama mbali, lakini mama yake alimtambua kwa jinsi anavyoinamisha kichwa, akacheka.

Kwa hiyo nashauri sisi tunaotengeneza gazeti hili tushike mambo matatu. Tuchague sehemu ya kunoa kwa sababu ya picha, si kwa sababu ya mtu. Nyuso zote zipate kipimo kimoja. Na picha ya asili isifutwe kamwe.

Miaka ishirini ijayo, watakaofungua gazeti hili watatafuta baba zao na wajomba zao. Hawatajua nani alikuwa rafiki wa mwenye brashi, wala haifai waweze kukisia.